Mpinzani Anakukimbia Ulingoni: Tatizo Liko Wapi na Utalirekebishaje

"Mwalimu, huyu hapigani, anakimbia tu!"

Lalamiko hilo nimelisikia kwenye kona mara nyingi kuliko lingine lolote. Bondia amekaa kwenye kigoda, kifua kinapanda na kushuka, na hasira zote kazimalizia kwa mpinzani. Jibu langu huwa moja: kukimbia si kosa, na kamba zipo pande zote nne. Kama humpati mtu aliyefungiwa ndani ya kamba pamoja nawe, basi ipo nafasi unayomwachia. Tuitafute.

Ulingo wa kimataifa wa ngumi za ridhaa una mita 6.10 kila upande ndani ya kamba. Ngumi za kulipwa huchezwa kwenye ulingo wa kuanzia karibu mita 4.9 hadi mita 7.3. Sasa piga hesabu. Mpinzani anayezunguka karibu na kamba, tuseme mita 2.5 kutoka katikati, hutembea zaidi ya mita 15 kumaliza mzunguko mmoja. Wewe uliyesimama mita moja kutoka katikati unahitaji kidogo tu kuzidi mita 6 kuzunguka ukiwa unamtazama. Yaani hesabu iko upande wako. Ukichoka kabla yake, kuna mahali umeitupa.

Kabla ya kurekebisha chochote, jirekodi. Weka simu juu, pembeni ya kona moja, chukua raundi mbili za sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, kisha tazama bila sauti na uangalie miguu tu. Ngumi zisahau kwanza. Nani anakaa katikati? Mgongo wa nani uko karibu na kamba? Anapobadili upande, vidole vya mguu wako wa mbele vinaelekea wapi: pale alipo au pale anapokwenda? Majibu hayo yatakuonyesha uanzie dalili ipi kati ya hizi.

Mnazunguka raundi nzima na umbali haupungui

Hii ndiyo dalili mama. Nusu ya zile nyingine ni watoto wake, kwa hiyo tutakaa hapa muda mrefu.

Sababu ya kawaida ni kwamba unakanyaga pale alipo. Unamwona kushoto, unapiga hatua kwenda kushoto na mbele kwa mshazari. Mguu unapotua, yeye kishaondoka. Unarudia. Kwenye video utaona mnachora duara mbili zinazofuatana, kama mtoto anayemkimbiza kuku uani. Mtu mzima hamkimbizi kuku hivyo. Anapanua mikono, anasogea taratibu, anamsukumia kwenye pembe ya ukuta, na kuku mwenyewe ndiye anayekimbia mpaka nafasi imwishie.

Rekebisha hivi. Chora akilini mstari unaotoka katikati ya ulingo hadi kwa mpinzani, na ujiwekee sharti la kubaki juu ya mstari huo. Akienda kushoto kwako, hatua yako ya kwanza ni ya kando, kushoto, mguu wa kushoto ukitangulia na wa kulia ukifuata kwa umbali uleule. Usisogee mbele bado. Ukishamzibia, ndipo unapiga hatua fupi ya mbele. Kando kwanza, mbele baadaye. Akigeuza, nawe unageuza, ila kwa kuwa uko ndani zaidi, hatua yako moja inatosha kufuta mbili zake. Kila unapomfutia safari, unamwongezea hatua moja ya mbele. Baada ya mara tatu nne, mgongo wake uko kwenye kamba na wewe hujatoa jasho la maana.

Ukitaka kuwa bora zaidi, usibaki juu ya mstari kamili. Kaa nusu hatua mbele ya upande anaoelekea. Hapo anapokwenda anakutana na bega lako na mkono wako badala ya uwazi.

Sababu ya pili ni umbali. Wapo wanaokata njia vizuri kabisa lakini wakiwa mbali mno, kiasi kwamba mkwepaji anapita mbele yao bila kuguswa. Kukata ulingo, yaani kumzibia njia hivi badala ya kumfuata, kunauma pale tu ukiwa hatua moja kutoka kumgusa kwa jabu, yaani lile konde la moja kwa moja la mkono wa mbele. Ukiwa hatua mbili, unacheza dansi. Ukiwa nusu hatua, unakula ngumi kabla hujajipanga. Pima hivi: ukinyoosha mkono wa mbele na kupiga hatua moja ndogo, glavu iguse kifua chake. Hapo ndipo makazi yako.

Sababu ya tatu ni miguu inayokatana. Bondia anaenda kando, mguu wa nyuma unapita mbele ya ule mwingine, na kwa nusu sekunde amesimama kama mkasi uliofungwa. Mkwepaji mwenye akili anaisubiri nusu sekunde hiyo, kisha anapiga na kutoka upande wa pili. Jipime kwa dawa ya kizamani: funga kamba nyepesi kutoka kifundo cha mguu mmoja hadi kingine, urefu wake uzidi kidogo upana wa mabega, kisha uende kushoto na kulia dakika tatu ukipiga ngumi hewani. Ikikaza kila wakati, hatua zako ni ndefu mno. Ukiikanyaga, miguu inakaribiana au inakatana. Usiivae kamba hii kwenye sparingi, utaanguka bure.

Sababu ya nne haionekani kwa miguu, iko kichwani: unaziba pande zote mbili kwa nguvu sawa. Karibu kila mkwepaji ana upande anaoupenda. Akishtuka huenda huko bila kufikiri, na raundi ya kwanza inatosha kuujua. Ukishaujua, mzuie kwa nguvu upande asioupenda na mwachie ule mwingine uwazi mdogo. Atauchukua. Safari hii unajua anakotokea kabla yeye hajajua, na mkono unaotazama upande huo uko tayari. Mimi huwaambia vijana waache mlango mmoja wazi na wasimame nyuma yake. Wengi hawaniamini mpaka wauone ukifanya kazi.

Mazoezi ya dalili hii hayahitaji ngumi hata moja. Waweke wawili ulingoni, mikono nyuma ya mgongo. Mmoja anatakiwa abaki huru bila kugusa kamba, mwingine anatakiwa ampeleke kwenye kamba kwa miguu peke yake. Dakika moja, wabadilishane. Wiki ya pili ruhusu kugusa bega kwa kiganja. Wiki ya tatu ruhusu jabu pekee. Anayeanza na ngumi tangu siku ya kwanza hujifunza kurusha tu, na miguu inabaki palepale ilipokuwa.

Unamfikisha kambani, kisha anaponyoka

Hapa kazi ngumu umeshaifanya, halafu unaiharibu mlangoni. Tofautisha kwanza: anaponyoka kabla hujapiga, au baada?

Akiponyoka kabla, umemsogelea kupita kiasi au umefika na miguu imekaribiana. Bondia akiona mgongo wa mtu umegusa kamba hupata tamaa, anarukia. Uzito wote unakwenda mguu wa mbele, kichwa kinapita goti, na mkwepaji anazunguka chini ya mkono wako kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Simama hatua moja nje. Panua miguu kidogo kuliko kawaida, magoti yakunjwe, uzito uwe katikati. Yeye yuko kambani, wewe una nafasi yote. Haraka ni ya nani?

Mahali pa kusimama napo pana hesabu. Akiwa katikati ya kamba, ana njia mbili ndefu, kushoto na kulia, na huwezi kuziba zote. Simama upande wa ile anayoipenda na umsukumie kwenye kona. Akishaingia konani, kamba mbili zinakutana na kukusaidia: ukisimama kwenye mstari unaogawa pembe ile katikati, kila njia yake inapita karibu na mkono wako mmoja. Ndiyo maana kona ni bora kuliko kamba, ingawa mabondia wengi wakishamfikisha kambani huanza kurusha hapohapo.

Akiponyoka baada ya ngumi, angalia ulipiga ngumi gani. Ngumi za moja kwa moja zinapita pembeni mwa kichwa chake na kumwachia njia pande zote. Mkwepaji wa kambani anazibwa na ngumi za kupinda. Kama wewe ni mtu wa mkono wa kulia na yeye anatoka kuelekea kushoto kwako, ngumi ya kushoto ya kupinda inamfuata njiani. Akitoka kuelekea kulia kwako, anaingia kwenye mkono wa kulia uliopigwa kwa kupinda kidogo. Hata ikikosa, inakaa pale kama boriti, inambidi asimame au arudi. Ngumi hapo ni uzio kabla ya kuwa silaha.

Halafu kuna suala la kichwa. Kichwa cha mkwepaji ndicho kitu chepesi kuliko vyote ulingoni; ndicho alichojifunza kukihamisha tangu utoto. Mbavu hazihami hivyo. Piga tumbo, mbavu, hata bega na mkono wa juu. Bega halihesabiwi pointi, lakini linamfanya asimame, na mkono uliopigwa raundi nne haurudi juu kwa wepesi uleule.

Bondia wa Mexico, Julio César Chávez, ndiye somo zuri zaidi ninalolijua hapa. Tarehe 17 Machi 1990, Las Vegas, alipigana na Meldrick Taylor, kijana mwenye mikono na miguu ya kasi ya kutisha. Taylor alikuwa anaongoza kwenye karatasi za majaji wawili. Chávez hakumkimbiza, alimsogelea kwa hatua fupi raundi baada ya raundi, akachukua ngumi nyingi na kurudisha chache nzito. Raundi ya 12 Taylor alikuwa amekwisha. Alianguka, akainuka, na refa Richard Steele akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili. Ubishi juu ya uamuzi ule haujaisha hadi leo, na mimi siuingilii. Ninachokutaka uone ni miguu ya Chávez katika raundi ambazo alikuwa anashindwa: haikubadilika.

Unakula jabu kila unaposogea

Mara nyingi utasikia ushauri wa kuinua mikono na kupita katikati ya ngumi. Ushauri huo unafaa kwa mtu mwenye kidevu cha chuma na kazi fupi.

Unakula jabu kwa sababu kichwa chako kinafika mahali palepale kila hatua. Mkwepaji haoni mtu, anaona begi linalotembea kuelekea kwake. Kila mguu unapotua, kichwa kiwe kimehama: kushoto ya mstari, kulia, chini kidogo. Si lazima mambo makubwa. Upana wa glavu moja unatosha. Na usisogee mikono mitupu. Tangulia na jabu ya kifuani. Kifua hakikwepi, na mtu aliyeguswa kifuani husimama kidogo hata kama hakuumia.

Geresha nazo. Mkwepaji anaishi kwa kuitikia: ukirusha, anatoka. Basi mpe ngumi ya uongo, bega tu lishtuke au goti liingie, atoke, kisha ngumi ya kweli imfuate anakotua. Ukigeresha mara tatu bila kupiga, ya nne hataitikia, na hapo ndipo unaingia bure. Bondia asiyegeresha anamwachia mkwepaji kuchagua saa ya kuondoka.

Kitu kingine ambacho watu hawakifundishi vya kutosha ni kuingia wakati mguu wake uko hewani. Hakuna binadamu anayeweza kubadili mwelekeo katikati ya hatua; lazima mguu utue kwanza. Mtazame kiunoni, si usoni. Kiuno kikianza safari ya kwenda kando, una muda mfupi sana ambao hawezi kurudi nyuma wala kupiga kwa uzito. Ingia hapo. Ukisubiri atue na kusimama vizuri, umeingia kwenye saa yake.

Ukiyafanya yote hayo na bado jabu inakupata, pima urefu wa mikono. Kama amekuzidi sana, itakupata tu. Ipangue kwa kiganja cha mkono wa nyuma na usogee kila anapoirudisha, maana mkono unaorudi hauwezi kupiga.

Unachoka kabla yake

Muulize bondia kinachochoka ni nini. Akisema miguu, anakimbiza. Rudi dalili ya kwanza. Akisema mabega, anarusha ngumi nzito zinazokosa. Ngumi inayokosa inachosha kuliko inayotua, kwa sababu mwili wako wenyewe ndio unaolazimika kuusimamisha mkono. Punguza nguvu hadi nusu mpaka umpate amesimama. Akisema pumzi wakati miguu na mabega yako sawa, sikiliza sparingi yake: mara nyingi anabana pumzi kila anapokaribia. Akisema ndama, anacheza juu ya vidole kama yeye ndiye mkwepaji. Anayekata ulingo hutembea. Kisigino cha nyuma kiwe juu kidogo tu, hatua ziwe fupi na za chini, kama mtu anayetembea kwenye sakafu yenye maji.

Ushahidi kwamba kukata ulingo humchosha anayekatwa uko kwenye pambano linalojulikana zaidi kwa jambo jingine. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman alikuwa anamzibia Muhammad Ali vizuri mno. Ali alieleza baadaye kwamba aligundua mapema kuwa anapiga hatua nyingi kuliko Foreman na kwamba kwa mwendo ule angeishiwa nguvu. Ndiyo maana alikwenda kambani kwa hiari yake. Miguu ya Foreman ilishinda. Kilichomwangusha raundi ya 8 ni alichokifanya na mikono baada ya kumpata Ali amesimama: alirusha kila kitu alichonacho kwenye mikono iliyokunjwa. Kwa hiyo ukimkuta mkwepaji ameacha kukimbia na kuegemea kamba mwenyewe, usishangilie. Chagua ngumi, piga kwa mafungu, rudi nyuma hatua moja, mlazimishe achague tena.

Mpinzani ni mashoto na kila kitu kimegeuka

Wewe ukipiga kwa kulia na yeye ni mashoto, miguu yenu ya mbele inatazamana na kugongana. Yeye anapenda kuzunguka kuelekea kushoto kwako, mbali na mkono wako wa kulia, na kuweka mguu wake wa mbele nje ya wako. Akifanikiwa, mkono wake wa kushoto una njia iliyonyooka na wewe unatazama pembeni.

Tiba inayofundishwa kila mahali ni kuweka mguu wako wa mbele nje ya wake. Ni kweli, kwa sababu upande huo ndio anaokimbilia: hatua ya kushoto inakuwa imemzibia, na mkono wa kulia unapata mstari mnyoofu. Ila nimeona vijana wakiifanya dini. Mashoto akibadili na kwenda kulia kwako, ule mguu uliouweka nje kwa bidii umekuwa umemfungulia mlango. Mguu wa nje ni wa upande anaoelekea. Akibadili, badili. Na jabu yako isigombane na jabu yake katikati. Piga juu ya mkono wake au ushushe mkono wake kwa kiganja cha mbele, halafu tumia mkono wa kulia kama jabu, moja kwa moja na bila nguvu nyingi.

Kama wewe ndiye mashoto, usiache silaha yako ili umshangaze mtu. Marvin Hagler, mashoto na bingwa mkali kuliko wengi, alianza pambano lake na Sugar Ray Leonard tarehe 6 Aprili 1987 akiwa amesimama kama mtu wa mkono wa kulia. Leonard alizunguka na kuchukua raundi za mwanzo. Hagler aliporudi kwenye msimamo wake alianza kumpata, lakini raundi zilikuwa 12, si 15, na mwisho majaji waligawanyika, wawili wakampa Leonard na mmoja Hagler. Raundi ulizozitoa sadaka mwanzoni hazirudishwi.

Ukimpata tu, anakukumbatia

Hili ni fupi. Anakukumbatia kwa sababu unafika kifua kwa kifua na mikono yako iko nje ya yake. Fika ukiwa umekunja viwiko, mikono ndani, paji la uso karibu na bega lake bila kumgonga kwa kichwa. Akikamata mkono mmoja, ule ulio huru ufanye kazi mbavuni mpaka refa aseme achaneni. Mtu akiona kukumbatia kunamgharimu mbavu, anapunguza. Na refa anapowatenganisha, usirudi nyuma ukiwa unashusha pumzi: chukua katikati ya ulingo mara moja. Wengi hupoteza kazi ya dakika nzima kwa kumwacha mkwepaji atoke kwenye kukumbatia akiwa na ulingo wote nyuma yake.

Unamsogelea muda wote lakini pointi anapata yeye

Usianze kuwalaumu majaji. Kwenye ngumi za kulipwa wanaangalia ngumi safi zinazotua, ushambuliaji wenye matunda, utawala wa ulingo na ulinzi. Neno la kushika hapo ni matunda. Kwenda mbele huku unapigwa jabu si ushambuliaji wenye matunda, na kumfuata anakotaka yeye si utawala wa ulingo. Jaji anaona mmoja anaongoza na mwingine anafuata, hata kama anayeongoza anarudi nyuma.

Hata Chávez yalimkuta. Tarehe 10 Septemba 1993 huko San Antonio alikutana na Pernell Whitaker, mashoto aliyekuwa akikwepa akiwa amesimama mbele yako. Matokeo yalitangazwa kuwa sare, na wengi waliolitazama pambano lile wanaamini Whitaker alishinda. Chávez alikwenda mbele kama kawaida. Ngumi hazikutua.

Piga unapokata, usisubiri kumaliza kukata. Jabu moja katikati ya hatua ya kando, ngumi moja ya tumbo anapogeuka. Zinaonekana, zinahesabiwa, na zinamkumbusha kwamba kila safari ina nauli. Kwenye raundi tatu za ridhaa hilo ni la lazima: huna muda wa kumlegeza hadi raundi ya 12, kwa hiyo kata kwa hatua mbili badala ya nne, na ukubali kupiga ukiwa umempata kwa robo tatu tu.

Kwenye mapambano marefu, kinyume chake. Joe Louis alikuwa nyuma kwa Billy Conn tarehe 18 Juni 1941, akishindwa kuipata miguu ya kijana mwepesi kuliko yeye. Raundi ya 13 Conn aliamua kusimama na kutafuta KO, yaani kumwangusha mwenzake asiinuke. Louis alikuwa palepale alipokuwa raundi zote zilizotangulia, miguu imepangwa, na pambano likaisha kabla ya kengele. Kama angekuwa amechanganyikiwa na kuanza kurukaruka, nafasi ile ingemkuta hayupo.

Pale ambapo kosa si lako

Kuna siku mpinzani ni mwepesi kukuzidi, basi. Na kuna siku ulingo ndio umekuzidi. Ule wa mita 7.3 una eneo zaidi ya mara mbili ya ule wa mita 4.9, na mkwepaji analijua hilo. Leonard alitaka ulingo mkubwa kwa ajili ya Hagler, akaupata. Sakafu laini inawachosha nyote, ila anayeruka huumia zaidi kuliko anayetembea. Kamba zilizolegea zinamsaidia yeye, kwa kuwa anaweza kuegemea nje ya ngumi zako.

Mimi huwapandisha mabondia wangu ulingoni mapema siku ya pambano, kabla watu hawajaingia. Tembea kutoka kamba hadi katikati kwa hatua zako za kupigania, si za kawaida, uzihesabu. Kanyaga kila kona, tafuta panapobonyea. Vuta kamba ya juu kwa uzito wako. Kama mazoezini ulizoea hatua nne na hapa ni sita, mwambie kocha wako kabla ya kuvaa glavu, mpange raundi ya kwanza upya: ngumi chache, kando zaidi, na kazi yako ya dakika tatu zile iwe kujua upande anaoukimbilia akishtuka.